Malezi ya Wazazi na Maadili ya Mtoto katika Fasihi

Baada ya kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza uhusiano uliopo kati ya malezi na maadili;
(b) kufafanua njia ambazo mzazi hutumia, kwa kujua au bila kujua, kujenga au kubomoa tabia ya mtoto;
(c) kutumia methali, tendi, tamthiliya na riwaya kama ushahidi katika kujibu maswali ya dhamira ya malezi;
(d) kuandika jibu la insha lenye hoja zinazosimama.

Mtahiniwa, mada hii usiipite haraka. Maswali ya dhamira katika fasihi andishi hugusa malezi mara kwa mara, wakati mwingine kwa jina lake na wakati mwingine kwa majina mengine: "kuporomoka kwa maadili", "nafasi ya mzazi katika jamii", "matatizo ya vijana", "migogoro ya familia". Ukiielewa vizuri mada hii moja umejiandaa kwa maswali mengi.

1. MAANA YA MALEZI NA MAADILI

Maadili ni mwenendo mwema unaokubalika katika jamii: ukweli, heshima, uwajibikaji, huruma, kiasi na kupenda kazi. Malezi ni kazi ya kumtunza na kumwongoza mtoto hadi aweze kujiongoza mwenyewe. Usisahau maneno hayo ya mwisho, "kujiongoza mwenyewe", kwa sababu ndiyo yanayotenganisha kulea na kufuga. Anayefuga mbuzi humpa majani, maji na banda, kazi ikaishia hapo. Anayelea mtoto humpa chakula na nguo, kisha ana kazi nyingine iliyo ngumu zaidi: kumfanya mtoto atende mema hata pale ambapo hakuna mtu anayemtazama.

Ndiyo maana wahenga walisema "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea".

2. NJIA AMBAZO MZAZI HUTUMIA KUJENGA AU KUBOMOA MAADILI

Njia ni nyingi. Tano zifuatazo zitakutosha kwa mtihani.

(i) Mfano wa matendo. Mtoto huiga anachokiona kabla hajatii anachoambiwa. Baba anayemwagiza mtoto amwambie mdai mlangoni kwamba "baba hayupo", huku amekaa sebuleni, amefundisha somo la uongo kwa vitendo. Hata akihubiri ukweli jioni nzima, somo lililobaki kichwani ni lile la mlangoni. Methali inayobeba wazo hili ni "Mtoto wa nyoka ni nyoka", ingawa tutaona baadaye kwamba methali hiyo haina ukweli wote.

(ii) Mazungumzo na maelekezo. Kukataza peke yake hakutoshi. Mtoto anahitaji kujua kwa nini jambo fulani ni baya na afanye nini likimkabili. Mzazi anayekaa kimya kuhusu mabadiliko ya mwili, mapenzi au dawa za kulevya hamzuii mtoto kujifunza mambo hayo. Anachofanya ni kumwachia mtu mwingine kazi ya kumfundisha. Hapa ndipo methali "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" inapoingia.

(iii) Nidhamu ya wakati na ya kiasi. "Samaki mkunje angali mbichi" na "Udongo upatize uli maji" zinasisitiza wakati: tabia hurekebishwa mapema. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe" inamwonya mzazi anayeogopa kumkanya mwanawe. Angalia usiitumie methali hii kutetea kipigo. Kilio kinachotajwa ni cha mtoto aliyekatazwa anachokitaka, si lazima kiwe cha mtoto aliyeumizwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inamlinda mtoto dhidi ya ukatili na adhabu zilizopita kiasi. Mtoto anayepigwa bila maelezo hujifunza jambo moja tu, kutokamatwa siku nyingine.

(iv) Kutimiza mahitaji. Chakula, mavazi, matibabu na elimu ni haki za mtoto, na sheria hiyo hiyo inawapa wazazi wajibu wa kuzitimiza. Katika mada ya maadili hoja hii mara nyingi husahaulika. Mtoto anayelala njaa hujaribiwa zaidi kuliko aliyeshiba, na mtoto asiye na daftari ana sababu nyingi zaidi za kutoroka darasani. Tangu mwaka 2016 shule za serikali Tanzania hazitozi ada hadi kidato cha nne, lakini sare, madaftari na chakula cha jioni bado ni jukumu la nyumbani.

(v) Kuchagua mazingira na kushirikiana na jamii. Mzazi mwangalifu hujua mwanawe anacheza na nani, wapi, na hadi saa ngapi. Pia hukubali mwanawe aonywe na jirani, mwalimu, shangazi na babu. "Mkono mmoja haulei mwana."

3. MALEZI KATIKA USHAIRI: MZAZI ANAYEANDIKA USIA

Kiswahili kina bahati ya kuwa na tendi ambazo mzazi alimtungia mtoto wake. Mfano maarufu ni Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mtunzi, Mwana Kupona binti Msham, aliishi katika maeneo ya Pate na Siu, pwani ya kaskazini ya Kenya ya leo. Akiwa mgonjwa, alimwita binti yake akamwachia usia kuhusu dini, adabu, usafi, kauli njema na maisha ya ndoa.

Wahakiki wa leo hubishana juu ya utenzi huu. Wapo wanaosema unamfundisha mwanamke utii uliopita kiasi kwa mume. Wengine husema mama huyo alimpa binti silaha za kuishi kwa heshima katika jamii aliyomo. Ukiulizwa, unaweza kutaja pande zote mbili. Kwa mada yetu jambo la kushika ni moja: mama aliona kwamba urithi wa kwanza anaostahili kumwachia mwanawe ni mwongozo wa tabia.

Karibu miaka mia moja baadaye Shaaban Robert (1909–1962) alifanya kazi kama hiyo. Alitunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Hapa pana hoja nzuri ya kulinganisha: katika mfano wa kwanza mlezi ni mama, katika wa pili ni baba. Malezi ya maadili si kazi ya mama peke yake, japokuwa methali yetu inamtaja "mamaye".

4. MALEZI KATIKA TAMTHILIYA

Kilio Chetu (Medical Aid Foundation). Mgogoro mkubwa wa tamthiliya hii ni kama watoto waelimishwe kuhusu jinsia na UKIMWI au la. Wapo wazazi wanaoamini kwamba kumwambia mtoto mambo hayo ni kumharibu. Upande mwingine yupo Baba Anna, anayeamini kwamba mtoto asipoelezwa nyumbani atayajua kwa njia mbaya. Tazama matokeo. Joti na Suzi, waliokua katika ukimya, wanaingia katika mapenzi wakiwa wadogo. Suzi anapata mimba, na Joti anafariki kwa UKIMWI. Anna, aliyezungumza na wazazi wake, anakuwa na msimamo. Watoto hawa wanaishi katika mtaa mmoja na wanakutana na vishawishi vile vile. Kinachowatofautisha ni mazungumzo ya nyumbani.

Hoja hii ina nguvu kwa sababu mwandishi ametupa pande mbili za kulinganisha. Katika mtihani, ukitaja Suzi peke yake umeonesha tatizo. Ukimtaja Suzi pamoja na Anna umethibitisha chanzo cha tatizo.

Orodha (Steve Reynolds). Furaha, msichana aliyefariki kwa UKIMWI, ameacha barua isomwe siku ya mazishi yake. Wanakijiji wanaingiwa na hofu wakidhani orodha hiyo ni ya majina ya wanaume aliohusiana nao. Inaposomwa, inakuwa orodha ya mambo ambayo yangeweza kuokoa maisha yake. Jiulize: kwa nini msichana huyu aliweza kusema yaliyomo moyoni mwake kwa barua tu, tena baada ya kufa? Jibu linahusu nyumba na kijiji ambamo vijana huhukumiwa zaidi kuliko wanavyosikilizwa. Lawama hapa haiwaangukii wazazi peke yao. Imo pia kwa marafiki, kwa wanaume wazima wanaowarubuni mabinti, na kwa viongozi wanaojali sifa zao.

5. MALEZI KATIKA RIWAYA: SWALI NA JIBU LA MFANO

Swali: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Thibitisha ukweli wa methali hii kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma. Toa hoja tatu kwa kila riwaya.

Kabla ya kuandika, panga kila hoja katika hatua tatu: Kauli (unadai nini), Ushahidi (nani alifanya nini kitabuni), na Ufafanuzi (ushahidi huo unathibitishaje dai). Wanafunzi wengi huishia hatua ya pili. Husimulia kisa vizuri, kisha huacha msomaji ajitafutie mwenyewe uhusiano wa kisa na swali.

Jibu dhaifu: "Katika Watoto wa Mama N'tilie tunamwona Mzee Lomolomo ambaye ni mlevi. Pia watoto wanakwenda jalalani." Sentensi hizo ni za kweli, lakini hazijajibu kitu. Ulevi wa baba na jalala la watoto vinahusianaje?

Sasa soma jibu la mfano.

UTANGULIZI. Malezi ni utunzaji na uongozi anaopewa mtoto hadi awe mtu mzima anayejitegemea. Methali "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" ina maana kwamba tabia ya mtu huakisi malezi aliyoyapata. Waandishi wa riwaya za Watoto wa Mama N'tilie (Emmanuel Mbogo) na Takadini (Ben Hanson) wameonesha ukweli wa methali hii kama ifuatavyo.

KIINI. Tukianza na Watoto wa Mama N'tilie:

Mzazi asiyewajibika huwaachia watoto mzigo wasioumudu. Mzee Lomolomo anatumbukia katika ulevi na kuiacha familia mikononi mwa mkewe, ambaye anauza chakula ili waishi. Watoto wanakosa mlezi mmoja ingawa yupo nyumbani. Hii inaonesha kwamba kuwapo kwa baba bila uwajibikaji hakutoshi kumkuza mtoto katika njia njema.

Kukosa mahitaji ya msingi huwaondoa watoto katika mikono ya shule. Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kwa kukosa mahitaji ya shule, na wanaishia kutafuta riziki kwenye jalala. Shule ndiyo ingesaidia nyumba katika malezi. Mtoto anapoikosa, anabaki bila mwongozo wa mzazi wala wa mwalimu.

Mtoto aliyeachwa na nyumba hulelewa na mtaa. Peter anakutana na vijana na watu wazima wa mitaani, na hatimaye anavutwa katika biashara ya dawa za kulevya. Hakuzaliwa mhalifu, bali mazingira yaliyompokea ndiyo yaliyomfundisha. Methali inathibitika hapa kwa uchungu, kwani amekua kama alivyolelewa na mtaa.

Kwa upande wa Takadini:

Upendo wa mzazi humpa mtoto thamani yake. Mila za kijiji zinataka mtoto mwenye ualbino auawe. Sekai, aliyesubiri mtoto kwa muda mrefu, anatoroka naye usiku ili aishi. Takadini anakua akijua kwamba yupo mtu aliyeona maisha yake yana thamani, na hilo linamjengea moyo wa kustahimili dharau.

Mlezi asiye mzazi wa damu anaweza kulea vizuri. Mzee Chivero anawapokea Sekai na mwanawe, anamfundisha Takadini kupiga mbira na kumpa hekima ya kuishi na watu. Kwa malezi hayo Takadini anakuwa kijana mwenye kipaji na busara badala ya kuwa mtu wa uchungu na kisasi.

Ubaguzi nao hulelewa. Watoto wa kijiji wanaomtenga Takadini hawakuzaliwa na chuki. Wameisikia kwa wakubwa wao. Shingai anapompenda Takadini, anaonesha kwamba mtu anaweza kukataa mafunzo mabaya ya jamii yake. Hivyo methali inathibitika pande zote: mema hurithishwa, na mabaya pia hurithishwa yasipokatazwa.

HITIMISHO. Kwa jumla, riwaya zote mbili zinaonesha kwamba malezi ni msingi wa maadili. Hata hivyo, hali ya uchumi, mila na marafiki nazo huchangia kumjenga au kumbomoa mtoto. Wazazi, shule na serikali washirikiane ili mtoto asibaki kulelewa na mtaa.

6. MAKOSA MANNE YA KUEPUKA

Kwanza, kusimulia badala ya kujadili. Tumelizungumzia.

Pili, kuchanganya wahusika. Lomolomo hayumo katika Takadini, wala Chivero hayumo katika Watoto wa Mama N'tilie. Andaa jedwali lenye safu tatu: kitabu, mhusika na tendo lake kuhusu malezi. Libandike ukutani wiki mbili kabla ya mtihani.

Tatu, kutosoma neno linalobeba swali. "Wazazi ni chanzo cha kuporomoka kwa maadili" si sawa na "Wazazi ni chanzo pekee cha kuporomoka kwa maadili". Swali la kwanza linakutaka uoneshe mchango wa wazazi. Swali la pili lina mtego katika neno "pekee", nalo linakuhitaji ukiri mchango wao na kisha uoneshe vyanzo vingine: umaskini, mila, marafiki, tamaa ya mtu binafsi.

Nne, kuigeuza methali kuwa hukumu. Kosa hili lina uzito hata nje ya chumba cha mtihani, kwa hiyo tulieleze.

7. JE, MALEZI MABAYA NI HUKUMU YA MAISHA?

Kila mwaka wapo wanafunzi wanaosoma mada hii wakiwa wamelelewa na bibi, na dada mkubwa, au na mzazi ambaye hawatamani kumwandika katika insha yoyote. Ukiwa mmoja wao, "Mtoto wa nyoka ni nyoka" inaweza kukuchoma. Isome upya. Methali ni kauli ya jumla kuhusu mambo yanayotokea mara nyingi. Haisemi kwamba lazima yatokee, na ndiyo maana lugha ina methali nyingi zinazosahihishana. Hata "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu", inayotumiwa kama tishio, ina mlango ndani yake: ulimwengu nao hufundisha, na ulimwengu si mtaa mbaya peke yake. Chivero naye ni ulimwengu. Mwalimu wako wa darasa ni ulimwengu. Jirani aliyekupa taa ya kusomea ni ulimwengu.

Vitabu vyenyewe vinaunga mkono usomaji huu. Takadini alizaliwa katika kijiji kilichotaka afe, akakua mtu mwema kwa sababu watu wawili walikataa. Shingai alilelewa katikati ya dharau, akachagua kupenda. Mzazi hupanda mbegu, na mbegu ina nguvu sana. Lakini kadiri mtu anavyokua, jembe linahamia mkononi mwake.

Upo pia upande wa pili. Wewe unayesoma ukurasa huu una miaka kumi na sita, kumi na saba au kumi na minane. Si miaka mingi ijayo utaitwa baba fulani au mama fulani. Pengine hata sasa una mdogo wako anayetazama unavyomjibu mama na unavyoirudisha chenji ya dukani. Kwake yeye wewe tayari ni mlezi, na sehemu ya 2 ya mada hii inakuhusu.

8. MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya "kutunza" na "kulea" kwa kutumia mifano miwili ya maisha ya kila siku.

2. Taja methali tano zinazohusu malezi. Kwa kila moja, eleza maana yake na tukio moja la kitabuni linaloithibitisha.

3. "Ukimya wa wazazi ni adui wa vijana." Jadili kauli hii kwa kutumia tamthiliya mbili ulizosoma. Hoja tatu kwa kila tamthiliya.

4. "Wazazi ndio chanzo pekee cha matatizo ya vijana." Je, unakubaliana na kauli hii? Tumia riwaya mbili ulizosoma.

5. Andika insha ya maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300 yenye kichwa: "Usia ambao ningemwachia mdogo wangu."

Dokezo la swali la 3: anza na Kilio Chetu, ambamo ukimya unaonekana wazi, kisha nenda Orodha, ambamo ukweli unachelewa hadi siku ya mazishi. Usisahau kumtaja Anna.

Dokezo la swali la 5: chagua mambo mawili au matatu tu, na kila moja lipe mfano wa nyumbani kwenu. Usia wenye mambo kumi husahaulika kabla ya jioni.